Kuchora Wanyama kwa Mkaa, Wino na Rangi ya Maji: Mwongozo Kamili wa Mchoraji wa Visiwani

Mchoro wangu wa kwanza wa mnyama niliouona unafaa kuonyeshwa watu ulikuwa wa ng'ombe wa gari. Nilimwonyesha mzee mmoja wa shamba aliyekuwa akimvua ng'ombe wake nira baada ya kushusha shehena ya makuti. Aliutazama, akamtazama ng'ombe wake, akautazama tena, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii nira utamvika wapi huyu?" Nundu nilikuwa nimeiweka katikati ya mgongo, mithili ya ngamia, ilhali nundu ya ng'ombe wetu iko juu ya mabega, na nira hukaa shingoni mbele yake ikaegemea hapo. Kivuli cha tumbo, mng'aro wa pembe na manyoya ya mkia vyote vilikuwa vimekaa vizuri. Ng'ombe mwenyewe ndiye hakuwapo.

Tangu siku hiyo nachora kwa utaratibu mmoja, nao ndio ninaoueleza hapa: kwanza mifupa, kisha ngozi, kisha manyoya, na kila tabaka la mwili lina zana yake. Mkaa hubeba mifupa na uzito, rangi ya maji hubeba ngozi, wino hubeba makali, na penseli za rangi pamoja na pasteli ya mafuta hubeba manyoya na mng'aro. Mtu akizichanganya zana hizi bila mpango hupata tope, lakini akizipanga kwa kufuata mwili wa mnyama, kila moja humsaidia mwenziwe. Kanuni ya kuzipanga ni moja: vya maji hutangulia, vya mafuta na nta hufuata, kwa sababu maji hayashiki juu ya mafuta. Mshumaa peke yake hutangulia, pale unapotaka rangi isishike.

Zana

Karatasi ndiyo isiyotaka ubahili. Karatasi ya manila inayouzwa katika maduka ya vifaa vya skuli inafaa kwa mazoezi ya mkaa na penseli, lakini ikipata maji hujikunja kama jani la mgomba juani. Kwa kazi ya rangi ya maji, tafuta karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nunua moja kubwa na uikate vipande vinne. Kila kipande kibandike juu ya ubao kwa tepu ya karatasi pande zote nne, na usiibandue tepu hiyo mpaka kazi ikauke kabisa.

Mkaa wa kuchorea unaweza kuutengeneza mwenyewe. Chukua vijiti vya mpera vyenye unene wa penseli, vimenye gome, vianike mpaka vikauke, kisha vipange vikibanana ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati. Kifuniko kitoboe tundu moja dogo kwa msumari, wala usisahau tundu hilo, kwani gesi isipopata njia itakirusha kifuniko. Kopo liweke juu ya makaa ya jiko, nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni kwa wingi, kisha utapungua, kisha utakatika. Hapo liondoe kopo motoni na uliache lipoe kabisa kabla ya kulifungua, maana hewa ikiingia vijiti vikiwa bado moto vitageuka majivu mbele ya macho yako. Mkaa wa kupikia unaouzwa kwa magunia ni mgumu na hukwaruza karatasi, kwa hiyo haufai ila kwa kusagwa na kupakwa kwa kidole.

Cha kufutia mkaa ni nyama ya boflo. Finya kipande cha ndani ya mkate bila ya gamba, kikande mpaka kishikane, kisha kigonge karatasini badala ya kusugua. Hunyonya unga wa mkaa bila ya kuiumiza karatasi, jambo ambalo raba ya skuli haiwezi.

Wino uwe mweusi wa aina isiyofutika kwa maji ikishakauka. Ujaribu kwanza pembeni: chora mstari, ngoja nusu saa, pitisha brashi yenye maji, na ikiwa mstari umelia, wino huo hautafaa chini ya rangi. Kalamu nzuri za wino zimo majumbani mwetu. Tete likichongwa kwa mshazari na kupasuliwa kidogo nchani, kama walivyochonga wazee kwa ajili ya kuandikia katika chuo cha Kurani, hutoa mstari mnene wenye nguvu unaofaa kucha, pembe na midomo. Chelewa moja iliyochomolewa katika ufagio na kuchongwa ncha hutoa mstari unaoanza mweusi na kufa upesi, nao ni mstari wa unywele hasa. Sijapata kalamu ya dukani inayoushinda.

Brashi tatu zinatosha: bapa pana, mviringo wa wastani na mviringo mwembamba. Rangi za maji ziwe chache: njano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia iliyoiva na buluu nzito ya bahari. Nyeusi usiinunue. Buluu na kahawia zikichanganywa hutoa weusi wenye uhai, unaoweza kuuelekeza kwenye ubaridi au kwenye joto upendavyo. Ongeza gwashi nyeupe, yaani rangi ya maji nzito inayofunika iliyo chini yake, kwa ajili ya nukta za mwisho, mshumaa mweupe wa kawaida, penseli za HB na 4B, penseli za rangi chache na pasteli ya mafuta.

Kuhusu rangi za nyumbani lazima niseme ukweli. Nilipokuwa kijana nilimchora kima kwa mzingefuri na manjano, nikajivuna kwamba rangi yote imetoka bustanini kwa bibi, nikamtundika ukutani karibu na dirisha. Kaskazi moja tu ilipita, na kima wangu akawa mweupe kama mwenye upele. Rangi ya manjano na ile ya mzingefuri haziistahimili nuru ya jua. Kahawa nzito, ile inayobaki chini ya dele, hutoa kahawia tamu kwa michoro ya daftarini isiyotundikwa. Udongo ni habari nyingine. Udongo mwekundu wa kinongo hauchujuki, kwa kuwa rangi yake inatokana na madini ya chuma. Ukoroge katika maji mengi, ngoja kidogo mchanga utue, mimina maji yenye rangi katika chombo kingine, yaache yatuame usiku kucha, kisha mwaga maji na ukaushe tope laini lililobaki. Lisage, ulichanganye na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, nawe utakuwa na rangi ya mgongo wa kima itakayokuzidi umri.

Kumtazama mnyama kabla ya kumchora

Picha za simu zina faida yake, lakini hubapisha mwili na kukificha kiungo kilicho upande wa pili. Anza na walio karibu: paka aliyelala barazani, punda aliyefungwa kivulini, mbuzi wa jirani. Kisha nenda msitu wa Jozani, kusini-mashariki ya Mji wa Zanzibar, ambako kima punju wamezoea watu na hula karibu na njia bila ya kujali.

Mnyama hatulii, na wanaoanza hukata tamaa kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kugawa ukurasa sehemu nne na kuanza michoro minne kwa pamoja. Kima anapokula hurudia mikao michache: anavuta tawi, anainamia jani, anageuka kumtazama mwenziwe, anarudi kwenye tawi. Akibadili mkao, wewe hamia mchoro mwingine. Akirudi, rudi naye. Kila mchoro usizidi mistari kumi au kumi na tano kwa mara ya kwanza, na usichore unywele hata mmoja ukiwa msituni. Andika maneno pembeni badala yake: mwanga unatoka wapi, wapi pana joto la rangi, wapi pana baridi.

Kima punju, hatua kwa hatua

Nimemchagua huyu kwa sababu hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani, na kwa sababu mwili wake unadai zana zote tulizozitaja. Isitoshe, kima hawa hula mkaa. Huuokota kwenye matanuri ya zamani na kwenye visiki vilivyoungua, nao huwasaidia kuzishinda sumu zilizomo katika majani kama ya mwembe na mkungu. Kila ninaposhika kijiti cha mkaa kumchora, najua kuwa nachora kwa kitoweo chake.

Hatua ya kwanza ni mifupa, kwa mkaa. Chora mstari mmoja wa uti wa mgongo kutoka utosini hadi mwanzo wa mkia. Kima aliyekaa huupinda kama upinde uliolegea. Juu ya mstari huo weka mayai matatu: dogo la kichwa, la wastani la kifua, na kubwa la tumbo. Usiogope kulifanya tumbo kubwa, kwani mnyama huyu hula majani na ana tumbo lenye vyumba vya kuyachachusha, hivyo hata kima mwenye njaa huonekana kama ametoka karamuni. Kisha weka mabega, viwiko, nyonga na magoti kwa nukta, uziunganishe. Mkia ni mrefu, nao huning'inia wima kama kamba ya ndoo. Haushiki tawi, kwa hiyo usiuzungushie mti kama wafanyavyo wanaochora nyani wa vitabuni.

Mikono itazame kwa makini. Kidole gumba cha mkononi hakipo. Anavyo vidole vinne virefu, na hushika tawi kwa kuvikunja kama kulabu. Miguu ndiyo yenye vidole vitano. Kila mwaka nikifundisha watoto wa skuli, nusu yao humpa kima mkono wa binadamu, kwa sababu wanachora mkono wanaoujua badala ya mkono wanaouona.

Hatua ya pili ni kuuondoa mkaa huo. Gonga kwa nyama ya boflo mpaka mchoro ubaki kama kivuli cha moshi, kisha upite juu yake kwa penseli ya HB kwa mkono mwepesi. Ukiacha mkaa mwingi, rangi ya maji itaukoroga na kima wako atatoka matopeni. Mabaki ya mkate yapanguse kwa unyoya wa kuku.

Hatua ya tatu ni mshumaa. Kichwa cha kima punju kimezungukwa na nywele ndefu nyeupe zilizosimama kama za mtu aliyeamshwa usiku. Chonga mshumaa uwe na ncha, pitisha mistari myepesi kutoka pajini pa uso kuelekea nje, na rangi utakayopaka baadaye itaikimbia nta na kuacha weupe wa karatasi. Nta haifutiki, basi weka chache. Zile zitakazopungua utaziongeza mwisho kwa gwashi.

Hatua ya nne ni rangi ya jumla. Lowesha mgongo kwa maji safi, kisha dondoshea nyekundu ya udongo iliyochanganywa na kahawia kidogo, uiache ijitembeze yenyewe kuelekea ubavuni. Tumbo na upande wa ndani wa miguu ni weupe, lakini weupe ulio kivulini si mweupe: upake buluu nyepesi sana yenye tone la kahawia. Msituni mwanga hupenya majanini na kuangukia mgongo kwa madoa, kwa hiyo acha sehemu mbili tatu zikiwa tupu. Sasa ngoja. Wakati wa kusi karatasi hukauka upesi. Wakati wa masika unaweza kusali adhuhuri na kurudi ukaikuta bado ina ubaridi mkononi. Igusie mgongo wa kiganja, na ikiwa baridi, haijakauka.

Hatua ya tano ni tabaka la pili. Mabega na upande wa nje wa mikono ni meusi. Tumia mchanganyiko wa buluu na kahawia, na pale weusi unapokutana na wekundu wa mgongo ulainishe mpaka kwa brashi yenye maji. Uso ni mweusi pia, isipokuwa pua na midomo, ambavyo vina rangi ya waridi. Waridi hiyo usiitoe kwenye kichupa. Izimue nyekundu ya udongo mpaka iwe kama maji ya tungule.

Hatua ya sita ni wino, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchoraji akiishika kalamu hutaka kumzungushia mnyama mstari mweusi mwili mzima, na mnyama akageuka kuwa karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mtindo wa Tingatinga, uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyechora Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi zing'aazo za baiskeli juu ya vibao, unaipenda mistari iliyo wazi, na unapendeza kwa njia yake. Sisi tunachokitafuta hapa ni mwili wenye uzito. Kwa hiyo tia wino pale tu penye ugumu au mgandamizo: kope la juu, matundu ya pua, kucha, mstari wa midomo, na pale makalio yanapokaa juu ya tawi. Penye ulaini, kama vile tumbo na mashavu, pasiwe na wino kabisa.

Hatua ya saba ni manyoya, nayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayomtenga mwenye subira na mwenye haraka. Chukua karatasi nyingine, nakili umbo la mnyama, na ndani yake chora mishale midogo inayoonyesha manyoya yanakoelekea. Utagundua kuwa hayaendi upande mmoja: usoni hutoka puani yakatawanyika, shingoni hushuka, mgongoni huelekea mkiani, na kwenye nyonga hugawanyika kama maji yanayokutana na jiwe. Ramani hiyo iweke mbele yako. Kisha, kwa chelewa na wino uliozimuliwa, au kwa penseli ya rangi iliyochongwa vizuri, piga kila mstari kuanzia ngozini kwenda nje na uinue mkono kabla ya kusimama. Usichore manyoya ya mwili mzima. Yachore katika sehemu tatu tu: ukingoni mwa mwili unapokutana na hewa, pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, na pale kiungo kinapopita mbele ya kingine. Kwingineko jicho la mtazamaji litaujaza mgongo lenyewe. Nimewahi kutumia siku tatu kuchora unywele mmoja mmoja wa mgongo mzima, na matokeo yake yalikuwa ufagio wenye macho.

Hatua ya nane ni jicho na giza la mwisho. Tia nukta moja ya gwashi nyeupe juu ya mboni, upande unaotoka mwanga, na macho yote mawili yawe na nukta upande ule ule. Rudi sasa kwenye mkaa ukaongeze giza chini ya tumbo, kwapani na nyuma ya goti. Mkaa ulio juu ya rangi iliyokauka una umahameli ambao rangi ya maji haina. Pasteli ya mafuta ya rangi ya chungwa, ikipitishwa ubavu wake juu ya mgongo, itashika vilima vya karatasi tu na kuacha mabonde, na mgongo utawaka jua. Baada ya pasteli usirudi tena na maji.

Popo wa Pemba na kobe wa Changuu

Kwa popo wa Pemba, wanaoonekana Kidike na katika msitu wa Ngezi, kumbuka kuwa bawa ni mkono. Anza na bega, kiwiko na kifundo, kisha fungua vidole vinne virefu kama mbavu za mwavuli, na cha gumba kibaki huru juu kikiwa na ukucha. Mkia hana. Ngozi ya bawa ipake kwa brashi bapa juu ya karatasi yenye maji, iwe nyembamba katikati na nzito karibu na mifupa, maana akiruka mbele ya mwanga nuru hupenya bawa. Manyoya ya mwili yenye rangi ya chungwa yaache kwa pasteli. Akiwa amelala akining'inia, mchore karatasi ikiwa wima hivyo hivyo. Hila ya kumchora akiwa amesimama kisha kuigeuza karatasi haifai, kwa kuwa uzito wa mwili wake unavuta kuelekea chini na tumbo hulegea upande wa kifua.

Kobe wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni Shelisheli, wanataka zana nyingine kabisa. Gamba lina magamba matano makubwa ya katikati na manne kila ubavu. Yapange kwanza kwa penseli ukifuata mviringo wa kuba, kwani yakipangwa bapa gamba huonekana kama sakafu. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya jiwe la matumbawe la ukuta wa Mji Mkongwe na usugue kwa ubavu wa penseli ya 4B. Ukwaru utakaojitokeza ni ngozi ya kobe tayari, na unaweza kuukata na kuubandika au kuuiga.

Kiumbe wa kubuni

Mazimwi na majoka ya hadithi yanahitaji ukweli mwingi kuliko ng'ombe, kwa sababu mtazamaji hana kingine cha kukiamini. Kila kiungo kiazime kwa mnyama uliyekwisha kumchora: gamba la kobe, bawa la popo, mkono wa kima usio na gumba. Kisha jiulize swali la mzee wangu wa nira, yaani kila kitu kimeshikiliwa na nini. Ukimpa joka mabawa ya popo na mikono miwili pia, umempa mikono minne, hivyo anahitaji mabega mawili kila upande na kifua kirefu cha kuyabeba. Magamba ya mwili yachore kwa kufuata samaki waliochongwa kwenye miimo ya milango yetu ya zamani, ambao fundi aliwapa magamba machache makubwa badala ya mengi madogo, nao wanaonekana hata ukiwa ng'ambo ya njia.

Kuihifadhi kazi

Mkaa hupukutika usiposhikizwa. Dawa maalumu ya kunyunyiza ni bora. Ikikosekana, ile ya nywele husaidia, japo huweza kuugeuza mchoro kuwa wa manjano kadiri miaka inavyopita. Nyunyiza ukiwa nje, kutoka umbali wa urefu wa mkono, mara mbili nyembamba badala ya moja nzito. Jaribu kwanza juu ya mchoro usioupenda.

Kazi yenye pasteli ya mafuta usiilaze juu ya nyingine bila ya karatasi laini katikati, wala usiibandike moja kwa moja kwenye kioo cha fremu. Acha nafasi ya milimita chache ili unyevu wa masika usiigandishe. Michoro isiyotundikwa iweke katika sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, uifungue siku ya jua kali ipate hewa kivulini, na kabla ya kuifungia tena ipanguse kwa unyoya, kwani chembe moja ya boflo iliyobaki pembezoni inatosha kuwaita sisimizi wa nyumba nzima.